Namna ya Kuchagua Pikipiki ya Safari Ndefu: Mwongozo kwa Msafiri wa Dar es Salaam hadi Mbeya

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ina urefu wa zaidi ya kilomita 800, na ndani yake mna karibu kila jambo linaloweza kuipima pikipiki na mwendeshaji wake. Mna foleni na joto la Kibaha na Mlandizi, lami iliyonyooka inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, joto kali la bonde la mibuyu karibu na Ruaha Mbuyuni, mlima wa Kitonga wenye kona kali na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, baridi ya Mafinga, na upepo wa Makambako unaokupiga ubavuni bila kukuaga. Nimeichagua njia hii kuwa kipimo kwa sababu pikipiki inayomfikisha mtu Mbeya akiwa bado ana nguvu za kushusha mizigo yake na kula chakula cha jioni, itamfikisha pia Mwanza, Songea au Lusaka.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza pikipiki ina CC ngapi, yaani ukubwa wa injini, na inakimbia kiasi gani. Mimi nakusihi uanze na maswali mawili tofauti kabisa: baada ya saa nne juu ya kiti hiki mwili wangu utakuwa katika hali gani, na ikiharibika mbali na mjini ni nani ataitengeneza na kwa spea ipi? Mwendeshaji aliyechoka huchelewa kuona gari linaloingia barabarani, hushika breki akiwa amechelewa, na hupita gari jingine mahali ambapo asubuhi asingethubutu kupita. Kwa hiyo nikitaja starehe katika mwongozo huu, nazungumzia usalama.

Hatua ya kwanza: Iandike safari yako kabla ya kwenda dukani

Chukua karatasi na uandike mambo manne: unakwenda wapi mara nyingi, ni sehemu gani ya njia hiyo isiyo na lami, utasafiri peke yako au na abiria, na utabeba mzigo wa kilo ngapi. Mtu anayesafiri peke yake kwa lami tupu kutoka Dar es Salaam hadi Arusha hahitaji pikipiki ileile anayohitaji mtu anayekwenda na mwenzi wake hadi Mbeya, kisha akaingia njia za udongo mwekundu za Nyanda za Juu Kusini wakati wa masika. Andika pia umbali unaotaka kwenda kwa siku moja. Kwa maoni yangu, kilomita 300 hadi 400 kwa siku zinamtosha mtu asiyezoea, na njia ya Mbeya inagawanyika vizuri kwa mpango huo, kwani Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190, Morogoro hadi Iringa ni takriban 300, na kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi kidogo ya 300.

Karatasi hiyo itakulinda dhidi ya muuzaji mwenye maneno matamu, na pia dhidi ya macho yako mwenyewe, maana pikipiki kubwa inayong'aa ina mvuto wa kumsahaulisha mtu alichokuja kukitafuta.

Hatua ya pili: Ikalie, na usiwe na haraka ya kushuka

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami niliiruka nilipokuwa nanunua pikipiki yangu ya kwanza ya safari. Ilikuwa pikipiki ndefu, kiti chake kikikaribia milimita 890 kutoka ardhini, na nilipoikalia pale kwenye sakafu tambarare ya duka nilifika chini kwa ncha za vidole vya miguu. Nilijiambia kwamba nitazoea. Miezi michache baadaye nilikuwa napanda Kitonga nyuma ya msururu wa malori, harufu ya klachi zilizoungua imejaa hewani, lori la mbele likasimama ghafla nami nikasimama. Nikateremsha mguu wa kushoto kutafuta ardhi, lakini ukingo wa lami ulikuwa chini ya barabara kwa kiasi cha kiganja kimoja, na mguu ukakanyaga hewa. Pikipiki yenye mzigo ikilala kupita kiwango fulani haizuiliki kwa nguvu za mkono, na ile ililala juu ya mguu wangu taratibu kabisa, mbele ya macho ya kila mtu. Utingo wa lori lililokuwa nyuma aliruka chini, tukainyanyua pamoja, kisha akaniangalia na kusema, "Kaka, hii imekuzidi kimo." Hakuwa na nia ya kunidhihaki, na nilikubaliana naye siku ileile.

Basi nenda dukani ukiwa umevaa viatu utakavyosafiria, vaa na koti lako, kisha omba ruhusa ya kuikalia pikipiki kwa muda wa kutosha. Nusu saa si nyingi. Angalia kama nyayo zote mbili zinafika chini, au angalau sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu wa kimo cha wastani huona raha kwenye kiti cha milimita 800 hadi 830, lakini namba peke yake haitoshi, kwa kuwa kiti kipana huitanua miguu na kuifanya ifike kwa shida hata kama kimo chake kwenye karatasi ni kidogo.

Ukishatulia, peleka mikono kwenye usukani kama unayeendesha. Viwiko viwe vimekunjika kidogo na mabega yawe yamelegea. Ukijikuta unainama na uzito wa kifua umeangukia viganja, ujue kwamba ukifika Chalinze tu viganja hivyo vitaanza kufa ganzi. Kisha weka miguu kwenye vikanyagio. Magoti yakikunjika sana, kama ya mtu aliyechuchumaa, maumivu yatakuja kabla ya Morogoro. Simama juu ya vikanyagio ukiwa umeshika usukani, kwa sababu kwenye barabara ya vumbi na kwenye matuta utaendesha ukiwa umesimama mara nyingi, na usukani ulio chini mno hukulazimisha kupinda mgongo.

Jihadhari na kiti laini. Kiti kinachobonyea kama godoro jipya hupendeza kwa dakika kumi, kisha sponji yake hulala na unakuwa umekalia chuma. Kibonyeze kwa ngumi kwa nguvu zako zote. Ukihisi sehemu ngumu iliyo chini, hicho si kiti cha safari. Kilicho bora ni kiti kigumu kiasi, kipana sehemu ya nyuma na chembamba mbele kidogo ili miguu ishuke. Kama pikipiki inakufaa kwa kila jambo isipokuwa kiti, usiikatae kwa hilo, kwa sababu mafundi wa kushona viti wanaweza kukibadilisha sponji na kukipunguza au kukipandisha kimo kwa gharama ndogo ukilinganisha na bei ya pikipiki nzima.

Kama utasafiri na abiria, mpeleke dukani. Aketi nyuma, aweke miguu yake kwenye vikanyagio vyake, na akueleze kwa uwazi anavyojisikia.

Hatua ya tatu: Chagua injini inayoweza kazi bila kulia

Injini ya safari inatakiwa iende mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa ikiwa imetulia, na bado iwe na akiba ya nguvu ya kupita lori mlimani. Pikipiki za CC 100 hadi 150 tulizozizoea, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, ni imara na zimewafikisha watu mbali sana, nami siwezi kumkataza mtu aliye nayo asisafiri nayo. Apange tu mwendo wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa na siku fupi zaidi, na afahamu kwamba akiwa Kitonga hatakuwa na nguvu ya kulipita lori na itambidi awe na subira nyuma yake. Ugumu mwingine wa pikipiki nyepesi hujitokeza kwenye nyanda zenye upepo, ambapo basi linalokuja mbele yako kwa kasi hulisukuma gari zito kidogo tu, lakini pikipiki ya kilo mia moja na ushee huisogeza kwa hatua nzima kuelekea ukingoni.

Kuna pia suala la mwinuko. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini ya nguvu 12 za farasi ukiwa Kariakoo itabaki na kama 10 ukifika Mbeya, na pengo hilo utalihisi mlimani. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani itachoma mafuta mengi kuliko inavyohitaji huko juu na plagi itajaa masizi, ilhali yenye injekta hupima hewa yenyewe na kupunguza mafuta ipasavyo. Kabureta ina heshima yake, kwani fundi wa kijijini huifungua na kuisafisha chini ya mti. Lakini kwa safari zinazopanda na kushuka mimi napendelea injekta, mradi pampu yake ya mafuta ni nzima na tanki halijawahi kukaa na maji.

Kwa msafiri wa peke yake naona CC 250 hadi 500 ndizo zinazofaa zaidi kwa barabara zetu. Royal Enfield Himalayan ya CC 411 ina kiti cha milimita 800 na tanki la lita 15. Nguvu zake ni takriban 24 za farasi tu, lakini huzitoa chini kabisa, mahali unapozihitaji mlimani, na muundo wake ni rahisi kwa fundi. Honda CB500X ya CC 471 ina silinda mbili, haitetemi sana, na ni mpole kwa mtu anayetoka kwenye pikipiki ndogo. Anayesafiri na abiria na mizigo aangalie Suzuki V-Strom 650, yenye tanki la lita 20 na injini ambayo waendeshaji wa safari duniani kote wameiamini kwa miaka mingi. Zile kubwa za CC 1,000 na kuendelea, kama Honda Africa Twin au BMW R 1250 GS, ni mashine nzuri mno, na hiyo BMW inatumia shafti badala ya mnyororo. Lakini R 1250 GS ina uzito wa karibu kilo 250 kabla hujaweka mzigo, na ikikuangukia kwenye matope ukiwa peke yako utakaa hapo hadi msamaria apite.

Mtetemo ni jambo la kupimwa barabarani, si dukani. Ukipewa nafasi ya kuijaribu pikipiki, ipeleke kwenye mwendo wa safari kisha angalia vioo vya pembeni. Ukiweza kuitambua aina ya gari lililo nyuma yako, mtetemo unavumilika. Ukiona ukungu mtupu kwenye kioo, ukungu huohuo ndio unaoingia kwenye vidole vyako.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya mafuta na ya uzito

Zidisha lita za tanki kwa kilomita ambazo pikipiki inakwenda kwa lita moja, kisha ondoa sehemu moja ya tano kuwa akiba ya upepo, mlima na mzigo. Tanki la lita 15 kwa pikipiki inayokwenda kilomita 28 kwa lita linakupa kilomita 420, na ukiondoa akiba unabaki na 336. Kwa barabara kuu hiyo inatosha sana. Kwa njia za pembezoni ningependa mtu asiwe na chini ya kilomita 300 za uhakika, kwa sababu mafuta ya kwenye chupa yanayouzwa kando ya barabara huwa na vumbi, maji, au vyote viwili.

Hesabu ya uzito husahaulika zaidi. Katika kitabu cha pikipiki pameandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa na uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Tofauti yake ndiyo haki yako ya kubeba. Tuseme uzito wa juu ni kilo 380 na pikipiki ina kilo 200. Umebakiwa na 180. Wewe na nguo zako za safari ni kilo 85, mwenzako ni 70, na masanduku matupu na vyuma vya kuyafungia ni 15. Sasa una kilo kumi tu za nguo, maji na zana. Ukizidisha, shokomzoba ya nyuma, ambayo mafundi wa pikipiki huiita shokapu, hugonga mwisho kwenye kila tuta, taa ya mbele huangalia mbinguni, na breki huhitaji umbali mrefu zaidi.

Hatua ya tano: Tafuta spea kwanza, kisha ndipo ununue

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwenye maduka ya spea ukiwa na orodha ya vitu saba: kebo ya klachi, bati za klachi, pedi za breki, mnyororo na sproketi zake, chujio la oili, beringi za magurudumu, na tairi la nyuma. Uliza bei na uliza kama kipo dukani leo. "Tunaweza kukuagizia" maana yake ni wiki kadhaa. Usipovipata vitatu au zaidi, una mambo mawili ya kuchagua: kuiacha pikipiki hiyo, au kuvinunua mapema na kuvihifadhi nyumbani na kubeba vidogo safarini.

Tairi ndilo linalowanasa wengi. Matairi membamba ya bodaboda yanapatikana hadi kwenye minada ya vijijini, lakini tairi pana la pikipiki kubwa huenda usilipate nje ya Dar es Salaam au Arusha. Fikiria pia gurudumu lenyewe. Gurudumu la mbele la inchi 21 huvuka mashimo kwa urahisi, la inchi 19 ni la kati na linafaa lami na vumbi, na la inchi 17 ni la lami. Rimu ya spoki huvumilia kipigo cha shimo na inaweza kunyooshwa, ila mara nyingi hutumia mpira wa ndani, hivyo pancha inakulazimu kulivua tairi zima. Rimu ya kumiminwa hutumia tairi lisilo na mpira wa ndani, na pancha yake huzibwa kwa kipande cha raba bila kuvua gurudumu, lakini ikipasuka umekwisha. Kwa njia ya Mbeya ningechukua ya kumiminwa bila kusita. Kwa njia za udongo ningechukua spoki.

Hatua ya sita: Ikague iliyotumika kwa mikono yako

Pikipiki nyingi za safari zinazouzwa hapa zimeshatumika, na si jambo baya. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini. Iwashe ikiwa baridi na uangalie ekzosi: moshi wa bluu usiokoma unaonyesha kwamba inakula oili, mweusi unaonyesha mafuta yamezidi, na mweupe mzito unaoendelea hata baada ya injini kupata moto, kwa pikipiki yenye rejeta, unaonyesha kwamba maji yanaingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando wa rangi ya maziwa, rudi nyumbani.

Shika mnyororo pale ulipozunguka nyuma ya sproketi ya nyuma na uuvute kuelekea kwako. Ukiachana na jino hadi ukaweza kuona nusu ya jino, umekwisha; na meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, seti nzima inahitaji kubadilishwa. Nyanyua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole kutoka upande hadi upande, na ukihisi unanasa kidogo katikati, beringi za shingo zimelika. Pitisha kidole kwenye mabomba ya shokapu za mbele. Yanatakiwa yawe makavu. Gonga kila spoki kwa spana ndogo na usikilize, kwani iliyokaza hulia na iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Soma namba nne za mwisho zilizo ndani ya kiduara ubavuni mwa tairi. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hata likiwa na meno mazuri, raba ya umri huo haishiki lami ya mvua ipasavyo.

Linganisha namba ya injini na ya chesesi na zile za kwenye kadi ya usajili, hakiki kwa namba ya usajili kama kuna faini za barabarani zisizolipwa, na hakikisha leseni yako ina daraja A. Anayefikiria kuvuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia aulize kampuni yake ya bima mapema kuhusu kadi ya njano ya COMESA, yaani bima inayotambulika nje ya nchi.

Hatua ya saba: Safari ya majaribio

Ukishainunua, usiende Mbeya wiki hiyohiyo. Fungasha mzigo kamili kama wa safari, jaza tanki hadi juu, na uondoke Dar es Salaam alfajiri kupitia Bagamoyo, uchukue barabara ya Bagamoyo hadi Msata, ushuke hadi Chalinze na urudi mjini. Ni mzunguko wa takriban kilomita 270, wenye bahari, kona, malori na joto, na wakati wote uko karibu na msaada. Simama kila baada ya saa moja na nusu, ukaze boliti za masanduku, ugeuze shingo, na uandike panapouma. Maumivu ya kiganja yanaweza kuondolewa kwa kuuinua usukani kwa sentimita mbili, ya makalio kwa fundi wa viti, na ya goti kwa kushusha vikanyagio. Kelele ya upepo kichwani hutatuliwa kwa kioo cha mbele cha kukinga upepo kilicho kirefu zaidi, au wakati mwingine kwa kifupi, na huwezi kujua ni kipi hadi ujaribu.

Jaza mafuta tena ukirudi kwenye kituo kilekile, gawanya kilomita kwa lita, na ufute ile namba uliyoikadiria katika hatua ya nne uandike hii. Asubuhi inayofuata angalia sakafu chini ya injini kama kuna tone la oili, pima kimo cha oili, gusa tena mnyororo. Kama sakafu ni kavu, na kama uliamka bila kushika kiuno, panga tarehe ya kwenda Iringa.